Alumini mwilini: inaingilia wapi, inamdhuru nani, na namna ya kuipunguza

Wengi wakisikia kwamba alumini ina madhara, cha kwanza kukitazama kwa jicho baya ni sufuria. Sufuria ina sehemu yake, lakini mara nyingi kitu kizito zaidi kimelala kwenye kabati la dawa. Kidonge kimoja cha kiungulia kinaweza kubeba miligramu 100 hadi 200 za alumini, na kiasi hicho kinaweza kuzidi kile kinachopatikana katika chakula cha kawaida cha wiki nzima. Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kwa uzito wa jambo: kile kinachoingiza alumini nyingi kinatangulia, na kile chenye kelele nyingi kuliko hatari kinakaa nyuma.

Hatua ya 1: Jua kama uko kwenye kundi la hatari

Alumini ni takriban asilimia 8 ya ganda la dunia. Imo kwenye udongo, kwa hiyo imo kwenye mboga, nafaka na maji. Hakuna anayeishi bila kuila. Kinachotuokoa ni kwamba utumbo hauipokei kwa urahisi: katika alumini iliyo kwenye chakula, karibu asilimia 0.1 tu ndiyo inayoingia kwenye damu, na katika ile ya maji ya kunywa ni karibu asilimia 0.3. Ukila miligramu 10 kwa siku, kinachoingia kwenye damu ni takriban miligramu 0.01. Inayobaki inatoka na choo.

Hata hiyo kidogo iliyopenya, figo huitoa karibu yote kwa mkojo. Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: figo zako zinafanya kazi? Figo zikishindwa, alumini haina mlango mwingine wa maana wa kutokea. Inajikusanya kwenye mifupa, kwenye mapafu, na kwa kiasi kidogo kwenye ubongo.

Ushahidi mzito kuhusu sumu ya alumini ulitoka kwa wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine miaka ya 1970. Maji ya mashine yalikuwa na alumini, na yalipita karibu moja kwa moja kwenye damu bila kizuizi cha utumbo. Wagonjwa walianza kugugumiza katika usemi, misuli ikawa inashtuka yenyewe, wakapata degedege, wakachanganyikiwa, na wengi wakafa. Mifupa yao ililainika na kuvunjika, na upungufu wa damu haukusikia dawa ya madini ya chuma. Leo maji ya dayalisisi, yaani huko kusafishwa damu kwa mashine, huchujwa mpaka alumini inabaki chembe tu, na ugonjwa huo umekuwa nadra.

Basi wanaopaswa kuusoma mwongozo huu kwa makini zaidi ni hawa: wenye ugonjwa sugu wa figo, hata kama hawajafika kwenye mashine; watoto waliozaliwa njiti, hasa wanaolishwa kwa dripu; wanaotumia dawa za kiungulia kwa wiki au miezi; na wanaovuta vumbi au moshi wa alumini kazini. Ukiwa nje ya makundi haya, mabadiliko madogo yanakutosha.

Kuna kipimo cha kujipimia. Mwaka 2011 kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayoshughulikia viambata vya chakula iliweka kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilikuwa imeweka miligramu 1 mwaka 2008. Kwa kikomo cha miligramu 2, mtu mzima wa kilo 60 ana miligramu 120 kwa wiki, na mtoto wa kilo 15 ana 30. Kikomo hiki ni wastani wa maisha, hivyo kukivuka wiki moja hakumaanishi kwamba umejitilia sumu. Ila tazama tofauti ya mtoto na mtu mzima. Wote wanakula kutoka sufuria moja, lakini nafasi ya mtoto ni robo tu.

Hatua ya 2: Toa dawa zote kabatini uzisome

Usisome jina kubwa la mbele. Geuza boksi, tafuta orodha ya viambato, na utazame neno lolote linaloanza na "alumin". Kiambato cha kawaida ni hidroksidi ya alumini. Vidonge ambavyo watu huviita vya magnesiamu mara nyingi huwa na vyote viwili, magnesiamu na alumini, kwa sababu magnesiamu peke yake huharisha na alumini peke yake hufunga choo. Angalia pia sukralfati, dawa ya vidonda vya tumbo. Gramu moja yake ina takriban miligramu 200 za alumini, na mgonjwa anaweza kuandikiwa gramu 4 kwa siku.

Mtu mwenye figo nzima anayemeza kidonge kwa siku mbili au tatu kwa sababu ya kiungulia hana la kuhofia. Tatizo huanza pale dawa inapokuwa mazoea. Ikitumika muda mrefu, hidroksidi ya alumini hunasa fosfati ndani ya utumbo na kuizuia isiingie mwilini. Fosfati ikipungua, misuli huwa dhaifu na mifupa hulainika hata kwa mtu ambaye figo zake hazina kasoro. Kiungulia kinachorudi kwa zaidi ya wiki mbili kinahitaji kutafutiwa chanzo, maana kidonda cha tumbo kinaweza kuwa kimefichwa nyuma ya utulivu wa vidonge.

Kosa moja ni la hatari kuliko yote katika hatua hii: kumeza dawa yenye alumini pamoja na sitrati. Sitrati imo kwenye vidonge vinavyochemka ndani ya glasi ya maji, kwenye juisi ya ndimu, limau na machungwa, na kwenye baadhi ya dawa za kalsiamu. Inaishika alumini na kuifanya iyeyuke vizuri, kisha inaisindikiza kuvuka ukuta wa utumbo. Kwa mgonjwa wa figo mchanganyiko huu umewahi kusababisha kuchanganyikiwa kwa ubongo na kifo ndani ya wiki chache. Kama una ugonjwa wa figo, usitumie dawa yenye alumini bila daktari wa figo kujua. Usiibadilishe na ya magnesiamu kwa kujiamulia pia, kwa kuwa magnesiamu nayo hujikusanya figo zikishindwa.

Alumini pia hunasa dawa nyingine tumboni zisifanye kazi. Ukiwa unatumia siprofloksasini, imeze saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia au saa 6 baada yake. Levothairoksini ya tezi itenge kwa saa 4. Tetrasaiklini na vidonge vya madini ya chuma navyo visimezwe kwa wakati mmoja na dawa hii. Mgonjwa anayelalamika kwamba antibayotiki "imegoma" wakati mwingine aliimeza sambamba na dawa ya kiungulia.

Hatua ya 3: Sufuria

Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi. Ngozi hiyo ndiyo inayotenganisha chakula na chuma chenyewe. Inadumu vizuri pale uchachu wa chakula ukiwa kati ya pH 4.5 na 8.5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda). Chini ya hapo, kwenye ndimu, siki, nyanya na matunda makali, huyeyuka. Juu ya hapo, kwenye magadi na sabuni kali za mashine ya kuoshea vyombo, huyeyuka pia. Chumvi nayo huitoboa vijishimo vidogo vidogo.

Jambo hili unaweza kuliona kwa macho. Chukua sufuria iliyopata weusi ndani kwa kuchemshiwa maji muda mrefu, kisha pika mchuzi wa nyanya. Ukimwaga mchuzi utakuta ukanda unaong'aa kuanzia chini hadi pale mchuzi ulipofika, na juu ya mstari huo weusi uko vilevile. Watu hufurahi kwamba sufuria imetakata. Ule weusi ulikuwa ngozi ya kinga, na sasa umo kwenye mchuzi.

Basi fanya hivi:

1. Sufuria mpya ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ijaze maji na uyachemshe kwa dakika 30. Mwaga. Rudia mara mbili au tatu. Ngozi ya oksidi itanenepa, na huenda ndani pakawa kijivu au peusi kwa sababu ya madini ya maji. Weusi huo hauna madhara.

2. Ioshe kwa sifongo laini. Stilwaya na mchanga huikwangua ngozi na kuacha vumbi la chuma. Kama tayari umeisugua mpaka ikang'aa, rudia kuchemsha maji kabla ya kupikia chakula.

3. Vyakula vichachu vipikie kwenye stenlesi, chuma kilichopakwa enameli, au udongo usio na rangi ya kung'aa yenye risasi. Kama sufuria ya alumini ndiyo pekee uliyonayo, tia nyanya au ndimu mwishoni, na upakue mara moja chakula kikiiva.

4. Usilaze chakula ndani ya sufuria. Hili ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote jikoni, na halina gharama. Kupika kunachukua saa moja, kulaza kunachukua kumi na mbili. Hamishia chakula kwenye bakuli la kioo, kauri au plastiki ya chakula.

5. Sufuria yenye vishimo vingi ndani, au iliyoliwa mpaka chini pamekuwa pembamba, iache kazi ya kupika. Ifanye ya kuwekea vitu vikavu.

Sufuria za alumini zilizotiwa ngozi nene kwa umeme kiwandani, zile za kijivu cha mkaa zenye uso mgumu, hutoa alumini kidogo sana ngozi hiyo ikiwa nzima.

Trei nyembamba za alumini za kubebea chakula zinafuata kanuni ileile. Mwaka 2017 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilipima vyakula vichachu vilivyowekwa vikiwa vya moto kwenye trei zisizopakwa kitu, ikakuta alumini iliyotoka imevuka kikomo cha miligramu 5 kwa kilo ya chakula kilichopendekezwa na Baraza la Ulaya. Chakula kikavu kisicho na uchachu hakina shida hiyo.

Sufuria za vyuma chakavu: hapa tatizo ni risasi

Kuna sufuria zinazosubuliwa kwa kuyeyusha chochote kilichopatikana: vipande vya injini, rejeta, fremu, nyaya, makopo. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na risasi huyeyuka mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo vyote huingia kwenye umbo moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hii zilizotengenezwa Kamerun ulikuta zikitoa risasi kwenye kimiminika kichachu kwa viwango vya kutisha. Vipimo vya sufuria kutoka nchi nyingine vimeonyesha jambo hilohilo baadaye.

Risasi haina kiwango salama kwa mtoto. Inapunguza uwezo wa akili yake na haurudi. Kuitazama au kuinusa sufuria hakukuambii kama ina risasi, na siki haionyeshi kitu. Dalili za kukutilia shaka ni sufuria nzito yenye unene usiolingana, uso wenye vitundu vya mapovu, na kukosa alama yoyote ya kiwanda. Sufuria ya aina hii usipikie uji wa mtoto, na usipikie kitu chochote kichachu. Ikiwa watoto wamelishwa kutoka humo kwa muda mrefu, kipimo cha kuomba hospitalini ni cha risasi kwenye damu, si cha alumini.

Hatua ya 4: Foili

Upande unaong'aa na upande uliofifia ni sawa. Tofauti inatokea kiwandani pale karatasi mbili zinapopitishwa pamoja kwenye rola ya mwisho: nyuso zilizogusa rola zinang'aa, zilizogusana zinafifia.

La kuangalia ni hili. Ukifunika bakuli la stenlesi lenye mchuzi wa chumvi na nyanya kwa foili, na foili ikagusa mchuzi, kesho yake utakuta foili ina matundu kama yametobolewa kwa sindano, na chini ya kila tundu kuna doa la kijivu juu ya chakula. Umetengeneza betri. Vyuma viwili tofauti vikigusana kupitia maji ya chumvi, kilicho dhaifu huliwa, na hapa dhaifu ni alumini. Kwenye bakuli la kioo foili hiyohiyo ingeharibika polepole zaidi. Chota madoa uyatupe, na siku nyingine acha nafasi kati ya foili na chakula au tumia kifuniko. Samaki au nyama iliyopakwa ndimu na chumvi ifunge kwanza kwa karatasi ya kuokea, foili ikae nje.

Hatua ya 5: Maji na shabu

Shabu ni chumvi ya alumini. Mitambo ya maji hutumia ndugu zake kukusanya tope, na majumbani shabu hufanya kazi ileile. Ikitumiwa sawasawa, alumini karibu yote hugeuka mabonge yanayozama. Ikitumiwa ovyo, hubaki kwenye maji. WHO inasema mitambo mikubwa inaweza kubakisha si zaidi ya miligramu 0.1 kwa lita, na midogo 0.2.

Usitumbukize kipande cha shabu na kukizungusha kwa makisio. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita 1 ya maji safi, hivyo kila mililita ina miligramu 10. Chukua chupa tatu za lita moja zenye maji ya tope uliyonayo, tia mililita 2 kwenye ya kwanza, 3 kwenye ya pili, 5 kwenye ya tatu. Koroga kwa nguvu dakika 1, kisha polepole dakika 10, uache saa moja. Chagua dozi ndogo kabisa iliyotoa maji maangavu. Ikiwa ni mililita 3, ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 60. Mwaga maji ya juu polepole kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, na maji ya chini yenye mabonge yatupe, kwani humo ndimo alumini ilimo.

Mabonge yasipojitokeza na maji yakawa na uchachu ulimini, umezidisha shabu au maji hayana chokaa ya kutosha kuipokea. Kuongeza shabu hapo kunaharibu zaidi. Maji machachu usinywe. Na hata maji yakiwa maangavu, bado yachemshwe au yatiwe klorini, kwa kuwa shabu haiui vijidudu.

Kuzidisha kunaweza kufika wapi kulionekana Camelford, Uingereza, Julai 1988. Tani 20 za salfeti ya alumini zilimwagwa kwa makosa kwenye tangi lisilo lake, na maji hayo yakasambazwa kwa maelfu ya kaya. Uchachu ulikwangua mabomba ya shaba, watu wakapata vidonda mdomoni, kuharisha na vipele, na nywele za wengine zikageuka kijani.

Mengine, kwa ufupi

*Beking pauda na vyakula vya viwandani.* Angalia namba E520 hadi E523, E541 na E554 kwenye pakiti; hizo ni za viambata vyenye alumini. Kwa mtoto anayekula keki na biskuti kila siku, kubadilisha beking pauda ni njia rahisi kuliko zote ya kushusha kiasi. Chagua iliyoandikwa kwamba haina alumini.

*Chai.* Mmea wa chai hukusanya alumini, na lita moja ya chai inaweza kuwa na miligramu 1 hadi 6. Nyingi imefungwa na viambato vya chai yenyewe na haipenyi utumbo vizuri. Usiache chai kwa ajili hii.

*Dawa za kuzuia jasho.* Kipimo cha mwaka 2001 kilikuta asilimia 0.012 tu ya alumini iliyopakwa kwapani ikipita kwenye ngozi. Uhusiano na saratani ya matiti haujathibitishwa. Usipake juu ya ngozi iliyonyolewa sasa hivi au yenye jeraha, na ukienda kupigwa picha ya matiti, usipake siku hiyo, maana chembe zake huonekana kwenye picha kama madoa ya kalsiamu na kukuletea hofu bure. Jiwe la kupaka kwapani linalouzwa kama la asili ni shabu, yaani alumini vilevile.

*Chanjo.* Baadhi zina chumvi ya alumini ya kuamsha kinga, chini ya miligramu 1 kwa dozi, na zimetumika hivyo tangu miaka ya 1930. Mpeleke mtoto kwa tarehe yake.

*Kupoteza kumbukumbu uzeeni.* Hofu ilianza mwaka 1965, sungura waliodungwa alumini kwenye ubongo walipopata nyuzi zilizojikunja ndani ya seli za ubongo. Nyuzi hizo zilikuja kuonekana kuwa tofauti na za wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Hakuna ushahidi kwamba sufuria inaleta ugonjwa huo.

*Kazini.* Wachomeleaji na wanaosaga alumini wavae barakoa ya kuchuja chembe na wavue nguo za kazi kabla ya kufika nyumbani. Vumbi laini la alumini hulipuka, kwa hiyo lisipeperushwe kwa hewa ya kompresa karibu na cheche.

*Vidonge vya kuhifadhia nafaka.* Fosfidi ya alumini huua, na huua haraka, lakini kwa gesi ya fosfini inayotoka ikikutana na unyevu. Isikae kamwe kwenye chumba anacholala mtu.

Hatua ya 6: Lini upimwe

Mwenye figo nzima asiyefanya kazi kwenye vumbi hahitaji kipimo. Mgonjwa wa figo akianza kuumwa mifupa, kudhoofika mapaja, kugugumiza anaposema, au damu ikishuka bila kusikia dawa, aombe kipimo cha alumini kwenye damu. Kwa walio kwenye dayalisisi, kawaida inayotakiwa ni chini ya mikrogramu 20 kwa lita, ikifika 60 daktari huanza uchunguzi wa kina. Kuiondoa hufanywa hospitalini kwa deferoksamini, tena kwa uangalifu, kwa sababu dawa hiyo ikiiamsha alumini nyingi kwa mara moja inaweza kuisukumia kwenye ubongo. Vipimo vya nywele na dawa za "kusafisha sumu" za mitaani haviwezi kuchukua nafasi hiyo.

Kabla sindano haijaingia, muulize mtaalamu wa maabara kama chupa aliyoshika ni ile maalumu ya kupimia madini. Vizibo vya mpira vya chupa za kawaida hutoa alumini vyenyewe, na majibu yatakuja juu hata kama damu yako ni safi.